Ziwa la Mume Wangu

Wanawake wenzangu wamewahi kumwonea wivu mke mwenza, wifi, hata mama mkwe. Mimi nililionea wivu ziwa. Nalisema wazi kwa sababu nimeshakuwa mtu mzima, na mficha uchi hazai. Ziwa lenyewe sijawahi kulitia mguu. Liko kaskazini kabisa mwa China, siku mbili na zaidi kwa treni kutoka Guangzhou tulikokuwa tukikaa, lakini joto la maji yake nililijua wiki kwa wiki, kama mama anavyoijua homa ya mwanawe.

Habari zake zilikuja kwa barua. Kila mwezi barua moja, katika ofisi ya wakala wetu wa mizigo ndani ya jengo la Tianxiu, kwa sababu vyumba tulivyopanga kule Sanyuanli tulikuwa tukihamahama na anwani ya wakala haikuhama. Bahasha nyembamba, wino wa buluu, na ndani karatasi moja yenye safu za namba: tarehe, joto la hewa asubuhi, joto la maji juu, joto la maji chini. Ukiingia wakati wa baridi safu nyingine iliongezeka, unene wa barafu. Chini ya namba palikuwa na mistari miwili mitatu ya Kichina. Mwandishi alikuwa mwanamke. Nilimwuliza mume wangu hilo siku ya kwanza kabisa, naye akanijibu bila kupepesa macho.

"Ndiyo, ni mwanamke. Tulisoma pamoja."

Mwanamke mwingine angempelekea mume wa mtu marashi, au shati. Huyu alimpelekea joto la maji. Na mume wangu, baba wa watoto wawili, akiipokea karatasi ile alikuwa anakaa palepale ofisini juu ya boksi la mzigo wa mtu, anaifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini, na anatabasamu. Hakuwa amefika hata kwenye maneno. Alikuwa anatabasamia namba.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimezaliwa mahali ambapo nguo ya Januari ndiyo nguo ya Julai, na mtu akisema leo kuna baridi ana maana usiku amejifunika shuka. Yeye ni Mhaya wa Bukoba, na Wahaya mnawajua, hakuna kitu duniani ambacho Mhaya hakukisoma kabla yako. Alizaliwa kando ya Ziwa Viktoria. Kijana mdogo alipata nafasi ya serikali kwenda kusoma China, enzi ambazo waliokwenda walikuwa wa kuhesabika. Wakamfundisha lugha mwaka mzima, kisha wakampeleka mji wa kaskazini kusomea elimu ya maji. Alirudi nyumbani, akaajiriwa, akanioa, na siku serikali ilipopunguza wafanyakazi na yeye akapunguzwa. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa Kichina. Tukawaacha watoto kwa mama yangu, tukaja Guangzhou kununua bidhaa na kusafirisha nyumbani. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwisho, na sisi Waswahili tulikuwa wachache mno mjini pale, ukikutana na mtu barabarani unamwamkia hata kama humjui.

Tulinunua zaidi Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla: midoli, penseli, madaftari, rula, mikoba ya shule. Yeye alikuwa mdomo, mimi jicho. Mimi ndiye niliyejua mtoto wa Korogwe atalilia mdoli gani na mama yake atakataa upi. Yeye alizungumza na mwenye duka, mimi nikasimama nyuma yake kidogo na kumfinya kiwiko. Nikifinya mara moja, maana yake shuka zaidi. Nikifinya mara mbili, tunaondoka. Wenye maduka walikuwa wanamwita laobani, bosi, na mimi wananitazama kama mzigo wake. Hawakujua bosi yuko kiwikoni.

Lakini mdomo ulikuwa wake. Katika mji ule wote, nilichokuwa nacho peke yangu kilikuwa maneno matatu ya kukataa bei na vidole vya kuonyesha namba. Kila kitu kingine, hata dawa ya kichwa, kilipitia kwenye ulimi wa mume wangu. Hilo ndilo lililoufanya wivu wangu uwe mbaya. Barua zile nilizishika mimi mwenyewe, nilizifungua mimi wakati mwingine, na namba nilizisoma vizuri kuliko yeye. Mistari ya chini ndiyo iliyonishinda.

"Anasema nini hapa?"

"Salamu. Anasema mwaka huu barafu imechelewa."

"Mistari mitatu yote ni barafu?"

"Kichina kina maneno mengi, mama watoto."

Yapo mambo aliyonieleza bila kuombwa, na kwa furaha ambayo sikuipenda. Alinieleza kwamba kituo chao cha vipimo kilikuwa kibanda cha matofali ukingoni mwa ziwa, na wanafunzi walipangwa wawili wawili, kila siku alfajiri, mwaka mzima. Wakati wa baridi walikuwa wanatembea juu ya maji yaliyoganda, wanatoboa barafu kwa kekee ya mkono, mmoja anazungusha, mwingine anakandamiza, kisha wanateremsha kipimajoto kwa kamba hadi chini. Hewa iko chini ya sifuri kwa digrii ishirini na zaidi, kope zinashikana, na kule chini kabisa ya ziwa maji yana digrii nne. Hayagandi. Samaki wanaishi humo kama hakuna kilichotokea.

"Na wewe ulipangwa na nani?"

"Na yeye. Miaka mitatu."

Miaka mitatu ya alfajiri. Mimi na yeye tulipooana alikuwa hata kuamka mapema hataki, mpaka nimwite mara nne.

Nilimwuliza kwa nini ziwa la kwao Bukoba halimtoi machozi hivyo. Akasema ziwa la nyumbani ni mama, unampenda lakini humchunguzi. Mwaka mzima maji ni yaleyale. Lile la kule, akasema, mwezi wa nane unaogelea, watu wanatumbukiza matikiti maji humo yapoe, na mwezi wa kwanza lori la makaa linapita juu yake. Kisa ni kuwa mbali na bahari. Bahari hupata joto polepole na hupoa polepole, kwa hiyo watu walio karibu nayo hawasumbuki. Watu wa ndani ya bara hawana wa kuwatuliza. Jua likija linawachoma, likiondoka linawaacha uchi.

"Basi mimi ndiye bahari yako," nikamwambia, maana nilitaka kuona atajibu nini.

"Wewe?" akacheka. "Wewe ni kiangazi cha bara, tena cha mwezi wa saba."

Ilikuwa sifa, naijua sasa. Siku ile nilimkata jicho nikaenda kufua.

Halafu kulikuwa na kudharauliwa. Baridi ya Guangzhou si ya mchezo kwa mtu wa Tanga. Haina theluji, ni unyevu tu unaoingia kwenye mifupa, na nyumba hazina moto wowote ndani, kwa hiyo mwezi wa kwanza unakaa sebuleni kwako umevaa koti na soksi mbili, unakunywa maji ya moto kutoka kwenye chupa kama mgonjwa. Nikitetemeka, yeye anasema, "Hii si baridi." Joto la Juni likija, kuta zinatoka jasho na mikate inaota ukungu kabla ya kufika mezani, nikilalamika anasema joto lenye raha ni la kule, kavu, na jioni unajifunika. Kila hali ya hewa niliyoteseka nayo ilikuwa imeshashindwa na ya kwake. Nilikuwa naishi na mwanamume ambaye hata kwenye kutetemeka alikuwa na mke wa kwanza.

Na jambo moja alilonieleza ndilo lililonikaa rohoni. Ziwa huchelewa, alisema. Vuli inapoingia, hewa inapoa kwa wiki moja, watu wanavaa makoti, lakini ziwa bado limeshika joto la kiangazi, na asubuhi linafuka moshi kama sufuria. Ukipima juu juu utasema baridi imeshaingia. Ukitia mkono ndani utakuta Agosti bado iko. Nilimsikiliza nikiwa nakunja mifuko ya nailoni, na nikajua ninaishi na nani.

Shoga yangu wakati ule alikuwa mwanamke wa Mombasa, mtu mzima kidogo kuliko mimi, aliyekuwa akinunua mapazia na vyombo. Alikaa ghorofa ya chini yetu. Nilimweleza habari ya namba, nikidhani atanicheka. Hakunicheka. Aliweka kikombe chini.

"Shoga yangu, mwanamme haandikiwi nambari kila mwezi bure," akasema. "Angekuwa amwandikia habari ya mapenzi, ungejua pa kushika. Nambari utashika wapi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Ngoja. Mwanamke wa hivyo hutaka kitu. Siku moja atakitaja."

Akakitaja mwezi wa Novemba. Barua iliyokuja ilikuwa na namba chache na maneno mengi, ukurasa mzima na nyuma yake. Mume wangu aliisoma mara ya kwanza amekaa, akasimama, akaisoma mara ya pili akiwa amegeukia dirishani. Sikumwuliza pale ofisini mbele ya watu. Nilimwuliza tulipokuwa tunatembea kwenda kupanda basi.

"Ni mambo ya kituo," akasema. "Kuna kazi. Wanayakusanya madaftari ya miaka yote, wanataka mtu aliyepima miaka ile. Ni msimu mmoja tu wa barafu, tangu sasa hivi mpaka itakapoyeyuka, kama mwezi wa nne."

"Wanakuita?"

Alivuta hatua mbili tatu. "Nafikiria," akasema.

Miezi minne na zaidi. Nilizijua hesabu za miezi ile bila kufundishwa: alfajiri, watu wawili, kekee, mmoja anazungusha, mwingine anakandamiza. Na mimi Guangzhou na vidole vyangu vya kuonyesha namba, bila mdomo. Sikulala vizuri wiki ile. Chakula nilikipika hakina chumvi, kesho yake nikakipika chumvi tupu, na yeye akala vyote bila kusema kitu, jambo lililonithibitishia kwamba hayupo.

Nikashuka kwa shoga yangu.

"Umeona?" akasema. "Sasa mpelekee leso. Lakini leso yenye maneno, si maua tu. Jambo kama hili kwetu halipigiwi kelele, lavaliwa."

Yeye aliita leso, mimi naita kanga, lakini kazi yake tulikuwa tunaijua sote wawili tangu tukiwa tumeshikiliwa mgongoni kwa hizohizo. Tanga nimeona mwanamke anapita mbele ya mlango wa mwenziwe mara tatu asubuhi moja, hasemi neno, kanga inasema, na kufikia adhuhuri mtaa mzima umeshajua nani ana kesi na nani. Huna haja ya kugombana. Maneno yakishavaliwa, aliyekusudiwa anajijua.

Sandukuni nilikuwa na doti mbili mpya, nilizokuja nazo kwa ajili ya hali yoyote. Moja ilikuwa na maneno ya upole, niliirudisha chini. Ya pili ilikuwa nyekundu yenye mabaka meusi na manjano pembeni, na maneno yake yalisema: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nilipoyasoma nilihisi kama mtu aliyekuwa anatafuta kisu akakikuta kimeshanolewa.

Nikaikunja vizuri, maandishi yakawa ndani, nikaifunga kwa karatasi ya zawadi ya Yide Lu yenye vipepeo. Nikampa mume wangu.

"Mpelekee mwenzako. Zawadi kutoka kwangu. Kule kuna baridi."

Uso wake ulivyofunguka nilikaribia kujuta. Aliniangalia kama amenikuta mtu mwingine. Hakuifungua. Aliandika anwani kwa Kichina, pole pole, mwandiko mzuri, na akaongeza kijikaratasi kueleza kwamba hii ni nguo ya wanawake wa pwani na imetoka kwa mkewe. Tulikwenda posta wote wawili. Nililipia stempu mimi.

Tulipokuwa tunarudi, kwenye daraja la waenda kwa miguu, katikati ya watu na mikokoteni, miguu yangu ikasimama yenyewe. Nilikuwa nimempelekea maneno makali mwanamke asiyejua herufi moja ya Kiswahili. Ataiona kanga, ataona maandishi, atataka kujua yanasemaje. Na katika China nzima, mtu mmoja tu anayemjua anaweza kumsomea. Huyo nilikuwa nimeshikana naye mkono.

"Vipi?" akaniuliza.

"Kiatu," nikasema.

Shoga yangu nilipomwambia akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya mtandio. "Shoga, tumejipalia makaa," akasema. "Sote wawili, na akili zetu." Tulikuwa tumezoea mitaa ambayo kila mtu anasoma. Haikutupitia kichwani kwamba fumbo linahitaji mtu wa kulifumbua, na kwamba kule kaskazini nguo yangu ilikuwa nguo tu.

Wiki zilizofuata nilikuwa mimi wa kwanza kufika Tianxiu kila siku. Sikuwa na nia ya kuiba barua, au pengine nilikuwa nayo, sijui. Nilijiambia nikiipata mimi nitajua la kufanya. Mume wangu hakuisema tena kazi ya kaskazini, lakini sokoni alikuwa amepungua. Nilimfinya kiwiko mara moja akaondoka dukani, nilimfinya mara mbili akakubali bei. Tulinunua rula ambazo mpaka leo sijui nani alizihitaji.

Barua ilikuja Desemba inaisha, na haikuja kwangu. Niliamka siku ile na mafua, yeye akaenda ofisini peke yake. Alirudi mchana. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, ndani kulikuwa na baridi ileile isiyo baridi, nami nimekaa kitandani na koti. Akavuta kiti karibu na dirisha, akafungua bahasha mbele yangu. Ikadondoka picha.

Aliniachia niitazame kwanza. Mwanamke amesimama juu ya uwanja mweupe usio na mwisho, ambao nilielewa ndio ziwa. Sijui nilitegemea nini. Alikuwa mtu wa umri wa mume wangu, mwenye miwani, uso mpana mtulivu, na alikuwa mzuri, sitasema uongo, mzuri wa aina ambayo haiondoki na umri. Juu ya koti lake nene alikuwa amevaa kanga yangu. Hakuizungusha shingoni kama skafu. Aliipitisha chini ya kwapa na kuifunga fundo begani, kama wanavyofunga wanawake wa Bukoba.

"Nani kamfundisha kufunga hivi?"

"Nilikuwa na picha ya mama ukutani bwenini," akasema. "Ameikumbuka."

Niliirudisha ile picha kifudifudi. Akaanza kunisomea barua kwa Kiswahili, taratibu, bila kuruka mstari.

"Anasema mzigo umefika salama. Anakushukuru sana. Anasema wakati huu kule kila kitu ni cheupe au kijivu, rangi kama hii hawajaiona tangu majani yaanguke, basi ameivaa kwenda kupima. Anasema," akasita, "anauliza maandishi yanasema nini. Wenzake kituoni walimwuliza, akawaambia bila shaka ni dua."

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Huyu alikuwa ameomba aambiwe.

Mume wangu aliigeuza picha, akaisogeza kwenye mwanga. Maandishi yalipita kifuani mwa yule mwanamke, yakapotea kidogo kwenye fundo, lakini yalisomeka. Nilimwona anavyosoma. Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, midomo inacheza.

"Umempelekea hii?"

"Nimempelekea."

"Kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wako, ndiyo." Nilikuwa nimeshaona aibu kwa wiki tano, ikawa imekwisha, ikabaki hasira peke yake. "Na wewe unijibu. Ulimpenda?"

"Nilimpenda. Kabla yako. Kwao hawakukubali, na mimi muda wangu uliisha nikarudi."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa nimelitafuta jibu hilo miaka mitatu na nilipolipata halikuniua.

"Na sasa anakuita urudi."

"Hajaniita."

"Barua ya Novemba. Nilikuwepo. Ulisimama ukageukia dirishani."

Aliinuka, akaitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Alikuwa anatembea nayo. Akaketi tena, akaifungua magotini, ukurasa wa mbele na wa nyuma.

"Mimi ndiye niliyeomba," akasema. "Mwezi wa nane nilimwandikia. Nikamwambia nimechoka kuuza midoli, sijashika kipimajoto miaka kumi, kama kuna nafasi yoyote pale kituoni aniulizie. Hapa ananijibu nafasi ipo, msimu mmoja. Anaeleza malazi, anaeleza treni. Halafu hapa mwisho." Akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, akatafsiri neno kwa neno, jinsi alivyokuwa akinitafsiria bei. "Anasema: 'Usije kabla hujamwuliza mkeo. Na usiniandikie kwamba umemwuliza kama hujamwuliza.'"

Mvua ilikuwa inagonga bati la dirishani. Nilimwomba arudie, akarudia, na yalikuwa maneno yaleyale.

"Na uliniuliza?"

"Nilikwambia nafikiria."

"Sikukuuliza ulichoniambia."

"Sikukuuliza," akasema. "Niliogopa utakataa."

Nimewahi kukosea mambo mengi, lakini sijawahi kukosea kama siku ile. Kwa wiki tano nilikuwa nimemwombea mabaya mtu pekee, kaskazini na kusini, aliyekumbuka kwamba mimi nina mdomo wangu. Nilikuwa nimempelekea kisu, akakivaa, akawaambia watu ni dua. Kichwani nilitaka kumshukuru. Moyoni nilikuwa na wivu zaidi ya mwanzo, maana mwanamke mbaya unaweza kumshinda, sasa huyu utamshinda kwa nini?

Mume wangu alichukua karatasi ya kuandikia, akakaa nayo. "Anasubiri jibu la maandishi," akasema. "Nimwandikie nini?"

"Mwandikie yalivyo."

"Ataumia."

"Ameuliza, ajibiwe. Mwambie niliyachagua mimi, na mwambie nilikosea mtu. Ila usimtafutie maneno laini. Nitakujua usoni."

Akaandika. Sikuweza kusoma hata herufi moja, lakini nilimtazama usoni tangu mwanzo hadi mwisho, na niliridhika kwamba hakulainisha. Alipofika chini akanyanyua kalamu.

"Na lile la pili," nikasema, "utamjibu nini? Umeniuliza?"

"Bado."

"Niulize."

Akaweka kalamu. Wahaya wana adabu yao ya zamani wakitaka jambo zito, na siku ile niliiona kwa mara ya kwanza. Alikaa vizuri kwenye kiti, mikono magotini, kama aliyekuja kwa wazazi wangu kuposa.

"Mke wangu," akasema, "naomba ruhusa yako niende kufanya kazi msimu mmoja."

Neno hapana lilikuwa limekaa mdomoni mwangu tangu Novemba. Nilikuwa na sababu zake zote: watoto, mzigo, lugha, mimi peke yangu sokoni na vidole vyangu. Nilifungua mdomo nilitoe, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Unataka kwenda?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake na akashangaa kwamba halikujulikana.

"Ndiyo," akasema. "Tangu tulipofika."

Tulikuwa na miaka mitatu Guangzhou. Miaka mitatu nilimtazama kila siku: nilimhesabia barua, nilipima tabasamu lake, nilimfinya kiwiko kushoto na kulia, na swali hilo dogo sikuwahi kumwuliza. Jibu lake alikwenda kumpa mwingine, kwa barua, kule ziwani. Nikamwambia aende. Na siku ile nilimwonea wivu yule mwanamke kuliko siku zote zilizotangulia, kwa sababu sasa nilijua nilichokuwa namwonea wivu.